Faibroidi imeundwa na nini, na kwa nini haiyeyuki

SWALI: Daktari, nina miaka 34, naishi Kayole, bado sijazaa na natamani mtoto. Skani ya mwaka jana ilionyesha faibroidi tatu kwenye mji wa mimba. Nimerudia mwezi uliopita. Kubwa, iliyo ndani ya misuli, imetoka sentimita 5.5 × 5.0 × 5.1 hadi 6.2 × 5.4 × 5.8. Ya pili iko upande wa nje na imebaki 3.1. Ya tatu ni 1.8 na ripoti inasema ni ya submukosa, yaani chini ya utando wa ndani. Hedhi inakaa siku tisa na inatoka na mabonge. Himoglobini ni 8.6. Kuna mama anauza dawa ya kuyeyusha, anasema faibroidi ni damu chafu iliyoganda na itatoka yote kwa siku 21. Nataka kuelewa: kitu hiki kimeundwa na nini? Kilianzaje? Na mbona moja inakua na nyingine imetulia?

JIBU: Dada, nianze na hilo la damu chafu, maana likinyooka mengine yatafuata. Faibroidi si damu iliyoganda. Si uchafu, si usaha, wala si mabaki ya hedhi yaliyokosa njia. Ni misuli. Ni misuli laini ileile inayojenga ukuta wa mji wa mimba, iliyoanza kuongezeka mahali pamoja bila mpangilio na kujifunga kwa nyuzi ngumu za protini iitwayo kolajeni. Damu iliyovilia chini ya ngozi mwili huivunja na kuifyonza, ndiyo maana alama ya kuumia hubadilika rangi na kupotea ndani ya wiki chache. Misuli iliyofumwa na kolajeni haiondoki hivyo.

Ukuta wa mji wa mimba una tabaka tatu. Ndani kuna utando unaobomoka kila mwezi na kutoka kama hedhi. Nje kuna ngozi nyembamba inayong'aa. Katikati ndipo penye misuli, unene wa sentimita moja na nusu hivi au mbili, na nyuzi zake zimepishana kwa ustadi. Zikikaza, huibana mishipa ya damu inayopita katikati yake. Hivyo ndivyo hedhi inavyopunguzwa, na ndivyo mama anavyokingwa asimalizike damu baada ya kujifungua. Shika jambo hilo, tutalirudia tukifika kwenye siku zako tisa.

Sasa tuitazame ile kubwa yako kwa karibu. Ingekuwa mezani maabara, ungeona kitu cha mviringo, kizito, kigumu kama raba, cheupe kinachoelekea kijivu. Misuli ya mji wa mimba ni ya waridi iliyokolea, kwa hiyo mpaka kati ya hivyo viwili unaonekana kwa macho tu. Kisu kikipita katikati, nyuso zilizokatwa hazitulii bapa. Hufura kidogo kuelekea juu, kwa sababu kitu hicho kilikuwa kimebanwa pande zote na sasa kimeachiliwa. Na kwenye uso huo utaona mistari inayojizungusha, vizingo ndani ya vizingo. Kama uliwahi kupasua mpira wa majuala, ule ambao watoto mtaani walikuwa wakiusokota kwa kamba kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku mwaka 2017, umeshauona mchoro huo.

Chini ya hadubini mambo yanazidi kuwa wazi. Maabara hukata kipande chembamba mno, kama sehemu 4 za elfu moja za milimita, na kukipaka rangi mbili: hematoksilini, inayofanya viini vya seli kuwa vya buluu, na eosini, inayofanya kilichobaki kuwa waridi. Utaona seli ndefu za misuli zilizolala kwa mafungu, kila moja na kiini kirefu chenye ncha butu kama sigara. Fungu moja linakwenda huku, la jirani linalikata njia. Hakuna mpangilio wa kazi. Misuli hii imesahau kwamba ilikusudiwa kukaza pamoja.

Katikati ya mafungu hayo ndipo lilipo jambo ambalo watu wengi hawalijui. Nafasi kati ya seli imejaa kolajeni ya aina ya I na ya III, fibronektini, na molekuli kubwa zenye sukari zinazoshika maji. Ukilinganisha na misuli ya kawaida ya jirani, faibroidi ina takriban nusu zaidi ya vitu hivi. Pia kolajeni yake imekaa ovyo: nyuzi fupi, zilizoelekea kila upande, hazijajipanga sambamba. Huo ndio ugumu unaohisiwa daktari anapokushika tumbo, na ndio uzito unaobana kibofu. Sehemu kubwa ya uvimbe wako, hasa ukishakaa miaka, si seli zinazogawanyika. Ni kiunzi ambacho seli zilikijenga na kukiacha hapo.

Faibroidi haina ngozi yake yenyewe. Inapokua husukuma misuli ya pembeni mpaka ikalala tabaka juu ya tabaka kama kurasa zilizobanwa, na tabaka hizo ndizo zinazoitwa ganda lake. Mishipa mikubwa ya damu hupita katika ganda hilo. Ndani ya faibroidi yenyewe mishipa ni michache. Daktari mpasuaji akilipata ganda hilo vizuri, hufuata mpaka wake na faibroidi huchomoka karibu nzima kama kokwa la parachichi. Akilikosa, akakata nje yake, anaingia kwenye misuli hai yenye mishipa, na damu inamwagika bila sababu.

Ilianzaje? Kila faibroidi ilianza na seli moja. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Marekani, Linder na Gartler, walilithibitisha hilo kwa njia nzuri sana. Baadhi ya wanawake wenye asili ya Kiafrika wana aina mbili za kimeng'enya cha G6PD, A na B. Jeni lake liko kwenye kromosomu ya X, na kila seli ya mwanamke huzima X moja na kutumia nyingine; kwa hiyo kipande cha misuli ya kawaida ya wanawake hao huwa na mchanganyiko wa seli za A na za B. Faibroidi zao hazikuwa na mchanganyiko. Hii ilikuwa A tupu, ile B tupu, hata ndani ya mji wa mimba mmoja. Maana yake ni kwamba kila moja ni ukoo wa bibi mmoja, na tatu ulizo nazo hazikuzaana. Zilianza mbalimbali, kila moja kwa wakati wake.

Bibi huyo ni seli mama ya misuli, mojawapo ya zile zinazokaa ukutani kungoja kazi ya kuutanua mji wakati wa mimba. Siku moja inapojigawa, kosa dogo linatokea katika kunakili jeni. Mwaka 2011 watafiti wa Finland waligundua kwamba takriban faibroidi 70 katika kila 100 walizozichunguza zilikuwa na kosa katika jeni moja, MED12, na karibu kila mara mahali palepale. Nyingine huwa na kipande cha kromosomu ya 12 kilichohama na kuamsha jeni liitwalo HMGA2. Makosa haya hukuyarithi kwa wazazi. Yalitokea ndani ya seli hiyo moja tu, na hayamo kwenye mayai yako.

Iko aina moja adimu inayorithiwa kweli, na naitaja kwa sababu inaokoa maisha. Ukoo ukiwa na wanawake waliopata faibroidi nyingi wakiwa na miaka ya ishirini, watu wenye vinundu vidogo vinavyouma kwenye ngozi, na mtu aliyepata saratani ya figo akiwa bado kijana, mwambie daktari yote matatu kwa pamoja. Kuna kosa la jeni la FH linaloyaunganisha, na watu wa familia hiyo huhitaji kuchunguzwa figo.

Kosa la jeni peke yake halitoshi. Seli hiyo lazima ilishwe, na chakula chake ni homoni za ovari. Ndiyo maana msichana ambaye hajavunja ungo hana faibroidi, na ndiyo maana nyingi hunywea hedhi ikishakoma. Kwa miaka mingi lawama zote zilibebeshwa estrojeni. Ukweli ni kwamba zinafanya kazi mbili tofauti. Estrojeni huziandaa seli kwa kuziongezea vipokezi vya projesteroni, kama fundi wa umeme anayefunga soketi. Projesteroni ndiyo inayochomekwa humo: huchochea seli zijigawe, huzizuia zisife kwa wakati wake, na husukuma utengenezaji wa kolajeni. Ukihesabu seli zinazogawanyika ndani ya faibroidi, utazikuta nyingi zaidi katika nusu ya pili ya mzunguko, siku ambazo projesteroni iko juu. Isitoshe, faibroidi ina kimeng'enya cha aromatasi, kwa hiyo hujitengenezea estrojeni ndani yake yenyewe, juu ya ile inayotoka kwenye ovari.

La ajabu ni kwamba seli mama yenyewe ina vipokezi vichache sana vya homoni. Seli zilizokomaa zinazoizunguka ndizo zinazopokea homoni, kisha huipelekea ujumbe wa kemikali: gawanyika. Kwa hiyo dawa inayozima homoni huweza kuwanyamazisha majirani, lakini seli mama inabaki imelala salama. Nitaeleza baadaye kwa nini hilo linakuhusu.

Sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi hulaumiwa sana katika habari hii, na inaonewa. Tafiti zimekuta wanaoitumia wakiwa na faibroidi chache kuliko wasioitumia. Kuzaa pia hupunguza uwezekano, maana baada ya kujifungua mji wa mimba hujikarabati wote na vifaibroidi vidogo vingi hufutika humo. Ukosefu wa vitamini D, unene, na kuwa na mama au dada mwenye faibroidi vyote huenda pamoja na uwezekano mkubwa zaidi. Na usijihesabu mtu wa ajabu: utafiti uliofanywa Washington na kuchapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba kufikia miaka 50, zaidi ya wanawake 80 kwa 100 wenye asili ya Kiafrika na karibu 70 kwa 100 wa Kizungu wamekuwa nazo, wengi wao bila kujua.

Sasa swali lako la tatu: mbona moja inakua na nyingine imetulia, na zote zinalishwa damu moja na homoni zilezile? Kwa sababu ni koo tatu tofauti. Kila moja ina kosa lake la jeni, umri wake, mishipa yake na kiasi chake cha kolajeni. Mwaka 2008 kulichapishwa utafiti uliofuatilia faibroidi 262 za wanawake 72 kwa picha za MRI. Ukuaji wa katikati ulikuwa asilimia 9 ya ujazo kwa miezi sita. Lakini ndani ya mwanamke huyohuyo moja ilikua, nyingine ikatulia, nyingine ikanywea. Kulikuwa na iliyopungua kwa asilimia 89 na iliyoongezeka kwa asilimia 138. Zile zilizopungua hazikuhitaji dawa ya mtu yeyote, na hapo ndipo wauzaji wengi wanapopata ushuhuda wao.

Hesabu ya ukuaji usiifanye kwa sentimita, ifanye kwa ujazo. Zidisha vipimo vitatu, kisha zidisha kwa 0.52. Mwaka jana: 5.5 × 5.0 × 5.1 × 0.52, ni mililita 73. Mwaka huu: 6.2 × 5.4 × 5.8 × 0.52, ni mililita 101. Imeongezeka kwa asilimia 38 hivi kwa mwaka. Ni kama mara mbili ya ule ukuaji wa katikati, lakini si jambo la kushtua. Tena kumbuka kwamba mkono wa mpimaji hutofautiana. Kila kipimo kikipungua milimita 3 tu kwa sababu ya alama alizoweka, ile 101 inasomeka 86. Ukirudia skani, rudi kwa kliniki ileile, siku zilezile za mzunguko, na udai vipimo vyote vitatu viandikwe. Ripoti yenye namba moja tu haikupi kitu cha kulinganisha.

Haya, na hapa ndipo ningependa usome polepole. Unaihofia ile kubwa kwa sababu imekua. Inayokumwaga damu, kwa uwezekano mkubwa, ni ile ndogo ya 1.8.

Mahali faibroidi ilipo ni muhimu kuliko ukubwa wake. Madaktari hutumia namba kutoka 0 hadi 8. Namba 0 inaning'inia ndani ya nafasi ya mji kwa kikonyo. Namba 1 imechomoza ndani, na chini ya nusu yake imezama kwenye misuli. Namba 2 nusu au zaidi imezama. Namba 3 iko yote kwenye misuli lakini inagusa utando wa ndani. Namba 4 imezungukwa na misuli pande zote. 5 na 6 zinachomoza nje, 7 inaning'inia nje kwa kikonyo, na 8 ni zile za mahali pengine, kama kwenye mlango wa kizazi. Submukosa ni 0, 1 na 2.

Faibroidi ya submukosa huutandaza utando wa hedhi juu yake, hivyo eneo linalovuja damu huongezeka. Hubana vena za jirani, zikajaa na kupanuka. Huzuia misuli ya pale isikaze vizuri, ile kazi ya kubana mishipa niliyokuomba uishike. Juu ya yote, hutoa kemikali iitwayo TGF-beta 3 inayopenya kwenye utando na kupunguza vitu vinavyosaidia damu kugandia. Kemikali hiyohiyo huuharibia utando uwezo wa kupokea yai lililorutubishwa, jambo linalokugusa wewe unayetafuta mtoto. Ile ya nje ya 3.1 haifanyi lolote kati ya hayo. Inaweza kukaa hapo ilipo mpaka uzeeni.

Faibroidi inapokua kuliko mishipa inayoilisha, sehemu za ndani hufa njaa na kubadilika, na maneno yake huwashtua watu kwenye ripoti. Mara nyingi kabisa seli hupotea na mahali pake pakajaa kitu laini cha waridi kama kioo. Huitwa badiliko la hialini, halina dalili, halihitaji tiba. Wakati mwingine sehemu hiyo huyeyuka ikawa mfuko wa maji. Kwa mama aliyekoma hedhi, chokaa hujikusanya na faibroidi ikawa ngumu kama jiwe hadi ikaonekana kwenye eksirei. La kukumbuka ukishika mimba ni badiliko jekundu: vena za ukingoni huziba, damu hutapakaa ndani, na ukiikata ungeiona nyekundu kama nyama mbichi. Mama hupata maumivu makali mahali pamoja, homa kidogo, pengine kutapika. Hutibiwa kwa mapumziko na dawa za maumivu anazopewa na daktari, na kwa kawaida hutulia bila kisu. Yule atakayekimbilia kukupasua kwa ajili yake ukiwa na mimba, mwombe kwanza daktari wa pili akutazame.

Sasa turudi kwa mama mwenye dawa ya siku 21. Ili faibroidi iyeyuke, kitu hicho kingelazimika kuvunja kolajeni ya pale tu bila kugusa kolajeni ya ngozi yako, mishipa yako na mifupa yako. Na hata ikiyeyuka, ile iliyo ndani ya misuli haina mlango wa kutokea. Nafasi ya mji wa mimba haijaungana nayo. Vile vipande vyeupe au vya kahawia vinavyotoka baada ya kuweka dawa ukeni ni ute na ngozi ya juu ya uke iliyochomwa na dawa, pamoja na mabaki ya dawa yenyewe. Vikipelekwa maabara havina hata fungu moja la misuli laini. Faibroidi pekee inayoweza kutoka yenyewe ni ya kikonyo, namba 0, ikisukumwa kupitia mlango wa kizazi. Hiyo hutoka kwa uchungu kama wa kuzaa na damu nyingi, na mahali pake ni hospitali.

Hata dawa halisi hazifuti. Sindano zinazozima ovari, kama goserelini ya miligramu 3.6 kila wiki nne, hupunguza ujazo kwa thuluthi moja hadi nusu ndani ya miezi mitatu. Sikiliza hesabu: nusu ya ujazo kwa ile yako ni kutoka sentimita 6.2 hadi 4.9. Kiunzi cha kolajeni kimebaki, seli mama imebaki, na ukiacha sindano, ndani ya miezi michache inarudi karibu ilipokuwa. Pia ganda huweza kuwa laini na kushikana na faibroidi, mpasuaji akapata shida ya kulifuata. Zina kazi yake: kusimamisha damu na kupandisha himoglobini kabla ya upasuaji.

Na himoglobini ndiyo ningeanza nayo, kesho asubuhi, kabla ya kufikiria lingine lolote. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Wewe una 8.6. Mililita moja ya damu yenye nguvu kamili ina karibu nusu miligramu ya madini ya chuma. Kwa kiwango chako ni kama 0.3. Hedhi nzito huhesabiwa kuanzia mililita 80. Ukimwaga 200, umepoteza miligramu 60 hivi za chuma kwa siku tisa, na chakula kizuri hukupa miligramu 1 au 2 tu kwa siku, ambazo mwili una matumizi yake mengine. Sukuma wiki na biti havitaziba pengo hilo, hata ukila sufuria nzima.

Nunua kwa kemisti vidonge vya ferasi salfeti vya miligramu 200, vyenye miligramu 65 za chuma halisi. Kimoja kwa siku. Tumbo likisumbua, kimoja siku moja na kuruka siku moja, na bado kitafanya kazi. Kimeze kwa maji na chungwa au ndimu. Chai ni adui hapa, ya rangi au ya maziwa: hushika chuma tumboni kisiingie kwenye damu. Iache saa mbili kabla na saa mbili baada. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Rudia kipimo baada ya wiki nne. Unatarajia kupanda kwa gramu 2 hivi. Isipopanda, ama damu inatoka haraka kuliko chuma kinavyoingia ama tumbo halikifyonzi, na utahitaji chuma cha dripu. Ukifika 12 endelea na vidonge miezi mitatu, ili ujaze akiba.

Kwa siku za damu nyingi, muulize daktari kuhusu asidi ya traneksamiki: kwa kawaida gramu 1 mara tatu kwa siku, isizidi siku nne, na ni kwa siku hizo tu. Haigusi faibroidi. Inachofanya ni kuzuia damu iliyoganda isivunjwe mapema. Kama umewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, usiitumie.

Kisha omba skani ya maji ya chumvi, ambapo maji kidogo huingizwa ndani ya mji wa mimba ili nafasi yake ionekane. Itaeleza kama ile ya 1.8 ni namba 0, 1 au 2, na imebakiza milimita ngapi za misuli kufikia nje. Ikiwa ni 0 au 1, hutolewa kwa kamera nyembamba inayopitia mlango wa kizazi na waya unaoikata vipande vidogo. Tumbo halipasuliwi, kovu halibaki kwenye ukuta, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Uliza waziwazi kama hospitali ina kamera hiyo na daktari aliyefunzwa kuitumia, kwa sababu si kila mahali panapopasua tumbo pana kifaa hicho. Uliza pia SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani, kabla hujalazwa.

Ile ya 6.2 isikuharakishe. Kuitoa ni kupasua tumbo na kukata unene wa misuli, kungoja miezi kadhaa kabla ya kushika mimba, na mara nyingi kujifungua kwa upasuaji baadaye. Na mbegu ndogo za faibroidi zisizoonekana kwa skani hubaki ukutani na baadhi yake hukua. Nisingeigusa mpaka ile ndogo itolewe, damu ipande, na ionekane kama hedhi imetulia. Ikibaki na shida yake, kubana kibofu au kupindisha nafasi ya mji, basi itajadiliwa kwa haki yake.

Kuhusu saratani, kwa kuwa najua utaiwaza usiku: sarkoma ya misuli ya mji wa mimba ipo lakini ni nadra mno, na huanza yenyewe, faibroidi ya kawaida kugeuka kuwa sarkoma si njia yake. Kwa umri wako kukua peke yake si dalili yake. Inayotia shaka ni uvimbe unaoanza au unaoendelea kukua baada ya hedhi kukoma. Hata hivyo chochote kitakachotolewa lazima kiende maabara. Hapo huangaliwa mambo matatu: seli ngapi zinagawanyika, viini vimepotoka umbo kiasi gani, na kama kuna seli za uvimbe zilizokufa kwa makundi. Kama ni wewe au ndugu yako mtakaokabidhiwa kipande mkipeleke, hakikisheni kiko kwenye formalini ya asilimia 10, mara kumi ya ujazo wa kipande, chombo kina jina lako, na hakijakaa siku mbili kwenye mfuko mkavu. Kipande kilichooza hakisomeki, na hakipatikani tena kingine.

Usisubiri miadi kama unalowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, kama unazimia au moyo unakwenda mbio ukiwa umeketi, au kama maumivu makali yamekushika ghafla upande mmoja. Nenda kwa hospitali iliyo karibu usiku huohuo, na ubebe ripoti zako zote mbili za skani.